Asilimia Mia Katika Nchi ya Ketini

Nchi ya Ketini haimo kwenye ramani yoyote, na wenyeji wake hushikilia kwamba kosa ni la ramani. Kidawa alikwenda huko kwa sababu moja. Mdogo wake, Mwanaidi, aliolewa Ketini, akafiwa na mume hukohuko, na sasa alikuwa amemwandikia barua ya mistari minne kusema kwamba mwanawe Maimuna hacheki tena. Kidawa alikuwa muuguzi wa watoto kwa miaka ishirini na miwili, na hakuwa mtu wa kuahirisha mambo. Aliomba likizo siku hiyohiyo. Habari za njiani tuziache, hazina faida kwa mtu.

Jambo la kwanza aliloliona ni viti. Kila baada ya hatua kumi barabarani pana benchi, na kwenye benchi pana watu. Watu wa Ketini wakikutana huulizana, "Umeketi?" na jibu la heshima ni "Nimeketi, na watoto wameketi." Wimbo wa taifa huimbwa watu wakiwa wamekaa. Sanamu ya mwanzilishi wa nchi, pale katikati ya mji, ni ya mzee aliyekaa kitako, na mgeni akisimama mbele yake kwa muda, askari humuuliza kutoka kitini ana shida gani. Kidawa alijibu kwamba shida yake ni kufika kwa mdogo wake, akapita.

Ugonjwa wanaouogopa kuliko yote wanauita maradhi ya miguu. Huwapata watoto. Kidawa alipoelezwa dalili zake aliutambua mara moja, kwani ni hali ileile ambayo kwao huitwa tatizo la kutotulia na kukosa umakini: mtoto anaanza mambo kumi hamalizi hata moja, anajibu kabla swali halijaisha, anarudi nyumbani na kiatu kimoja na hajui kingine kimebaki wapi. Alikuwa amewalea wa namna hiyo kwa mamia. Tena alijua kwamba wapo ambao dawa huwafaa sana. Alikuwa ameona watoto walioshindwa hata kuandika majina yao wakamaliza shule, kwa sababu walipata dozi inayowafaa na mtu wa kuwafuatilia. Kwa hiyo alipoambiwa Maimuna anatumia dawa hakushtuka. Alishtuka alipomwona.

Mara ya mwisho walipoonana, Mwanaidi alipokuja naye kwao kutembea, Maimuna alikuwa na miaka saba. Siku hiyo alivunja birika, akaanza kuomba radhi, na kabla hajamaliza kuomba radhi akavunja kikombe. Sasa alikuwa na miaka tisa, amekaa juu ya kigoda, mikono mapajani. Alisema, "Shikamoo, mama mkubwa," kwa sauti ndogo, na hakuuliza kuna nini ndani ya mkoba. Sketi yake ilikuwa imekunjwa kiunoni mara mbili na kubanwa kwa pini. Ngozi ya pembeni mwa kucha aliitafuna mpaka ikatoa damu. Kidawa alimnyanyua, na wepesi wake ukamtia hofu.

Aliuliza kama mtoto anakula. Mwanaidi alisema kijiko kimoja, viwili, basi. Akauliza kama analala. Mwanaidi akasema analala, ila kwa macho wazi. Kidawa akauliza daktari anasemaje.

"Dada," Mwanaidi alisema, "daktari hajawahi kumwona."

Ndipo Kidawa alipoelezwa habari za Dirisha. Dirisha ni mtandao. Mama hujibu maswali ishirini na sita kwenye simu yake nyumbani, mwalimu hujibu yaleyale shuleni, na daktari huyasoma yote mawili hospitalini na kuona kama dawa inafaa au haifai. Kidawa, kusema kweli, aliupenda mpango huo. Kwao alikuwa akisubiri barua ya mwalimu miezi mitatu, na barua yenyewe husafiri ndani ya mkoba wa mtoto yuleyule anayepoteza kila kitu, ikifika imelowa juisi. Aliyebuni Dirisha, alifikiri Kidawa, alikuwa mtu mwenye akili zake.

Lakini Ketini wazo zuri halikai muda mrefu bila kupewa ofisi. Iliundwa Mamlaka ya Asilimia, kazi yake ikiwa ni kupima kila hospitali imejaziwa fomu ngapi kati ya zinazotakiwa. Mwaka wa kwanza zilifika sitini kwa mia, na madaktari wakakaripiwa. Ikatoka sheria kwamba mtoto asiye na fomu haonwi na daktari. Zikafika themanini. Ikatoka sheria ya pili, ambayo wakubwa waliona inafuata yenyewe: ikiwa fomu ndiyo inayoonwa, basi mtoto mwenye fomu hana haja ya kuonwa. Na ya tatu ndiyo iliyomaliza kazi. Ili kuwapunguzia watu usumbufu, fomu ya kila wiki ingekuja imeshajazwa majibu ya wiki iliyopita, na mtu abonyeze tu kukubali. Asipobonyeza, hujibonyeza yenyewe ikifika Ijumaa. Nchi nzima ikafika asilimia mia. Siku hiyo imekuwa sikukuu, na husherehekewa kwa kukaa.

Kidawa aliuliza kwa nini Mwanaidi asijaze kwamba mtoto hali chakula. Mwanaidi akamwonyesha simu. Maswali yote ishirini na sita yalikuwa ya kukaa: Je, huinuka darasani? Je, hutikisa miguu? Je, hugeuka kitini? Swali la kula halimo. La kulala halimo. Chini kabisa palikuwa na kisanduku kilichoandikwa Maoni ya Mzazi, na Mwanaidi alikuwa ameandika humo mara kumi na moja. Kila mara alijibiwa papo hapo: Imepokelewa, ahsante mzazi mwema.

"Basi acha kumpa," Kidawa alisema.

Haikuwa rahisi hivyo. Dawa hutolewa kwenye geti la shule kila asubuhi, na mtoto hufunua mdomo mlinzi aone kwamba amemeza. Dozi hupunguzwa na daktari peke yake, na daktari huipunguza Dirisha likimruhusu. Mwanaidi aliyasema hayo kwa utulivu wa mtu aliyeyarudia mpaka akachoka. Kidawa alihisi hasira ikimpanda, na hakufanya juhudi yoyote ya kuishusha. Alitaka kitu kimoja tu katika nchi ile: daktari amtazame mtoto huyu na kumpunguzia dozi kabla hajaisha kabisa.

Asubuhi yake hawakwenda shuleni. Walikwenda hospitali ya watoto, wote watatu, na Kidawa akakuta hospitali ya watoto isiyo na mtoto hata mmoja. Akina mama walikaa kwenye mabenchi na simu zao. Mzani ulikuwa umefunikwa kitambaa, na juu yake pamewekwa maua ya plastiki. Ukutani palikuwa na taa kubwa ya kijani yenye tarakimu mia moja, na chini yake picha za watumishi bora. Kidawa hakuomba ruhusa ya mtu. Alifungua mlango wa daktari akaingia.

Daktari Shomvi alikuwa mzee wa miaka sitini hivi. Alikuwa amewapa mgongo. Kiti chake kilifungwa sakafuni kwa skrubu nne, kikielekea skrini, kwani Mamlaka ilikwisha kukokotoa kwamba daktari anayegeuka hupoteza sekunde arobaini kwa kila mgonjwa. Aliuliza kama wameketi. Kidawa akajibu kwamba wamesimama, na kwamba mtoto amesimama pia, ingawa kwa shida.

Daktari aliandika jina, akasoma. Maimuna binti Hemedi: ameimarika. Huinuka darasani, hapana. Hutikisa miguu, hapana. Uzito, kilo ishirini na nne. Dozi ileile iendelee.

"Uzito huo mlimpima lini?" Kidawa aliuliza.

Mzee alisogeza skrini juu na chini. Uzito ule uliingizwa miaka miwili nyuma, na tangu hapo umekuwa ukijinakili kila Ijumaa.

Kidawa alimwambia yeye ni nani na amefanya kazi gani kwa muda gani. Alisema dawa hii hupunguza hamu ya kula na huvuruga usingizi, kwamba hilo linajulikana na kila muuguzi wa mwaka wa kwanza, na kwamba ndiyo maana mtoto hupimwa na kuulizwa na dozi ikarekebishwa. Alisema mtoto aliyenyamaza si lazima awe amepona. Aliuliza ni mpumbavu gani aliyetengeneza mtambo wa kuuliza maswali ishirini na sita na asimuulize mtoto anakula au hali.

"Ni mimi, sista," Daktari Shomvi alisema, bado akiwa amewapa mgongo.

Aliyasema mengine polepole. Zamani alikuwa akiwaona watoto mara mbili kwa mwaka, dakika kumi kila mmoja, akikisia tu. Alitaka kuwasikia mama na mwalimu bila kuwasumbua kwa safari. Fomu yake ya kwanza ilikuwa na maswali ya kula, ya kulala, ya kucheza, na moja lililouliza mtoto anapenda nini. Mamlaka iliyaondoa kwa kuwa majibu yake yalitofautiana kati ya mtoto na mtoto, jambo lililoharibu jedwali. Kisanduku cha maoni alikipigania kikabaki. Kidawa akamuuliza anakisoma mara ngapi. Mzee akasema hajakifungua miaka mitatu, kwa sababu ukikifungua unachelewa, na ukichelewa taa inashuka.

Hapo Kidawa alishindwa kuvumilia. Alimbeba Maimuna, akazunguka meza, akasogeza kibao cha herufi kwa kiwiko, na akamkalisha mtoto juu ya meza, mbele ya skrini, uso kwa uso na daktari. Mzee hakuwa na pa kutazama tena. Alitazama. Aliangalia ile pini ya sketi, vidole, na midomo iliyokauka.

"Unajisikiaje, mama?" alimuuliza mtoto.

"Nawasikia wananiita," Maimuna alisema, "lakini sijui njia ya kutokea."

Mwanaidi aliziba mdomo kwa kanga yake. Daktari aliinuka kwa kushika meza, magoti yakilia, akatoka mpaka kwenye ukumbi, akatupa yale maua na kumpima mtoto yeye mwenyewe mbele ya akina mama wote. Kilo kumi na tisa. Akarudi, akakifungua kisanduku. Maoni kumi na moja ya Mwanaidi yalikuwa yamepangwa kwa tarehe, kila moja na alama yake ya kupokelewa. La kwanza lilisema: *Samahanini kwa usumbufu, binti yangu ameanza kukataa chakula.* La nne: *Nimelazimika kukunja sketi.* La saba: *Jana aliniuliza kama yeye bado ni yeye.* La kumi na moja lilikuwa na maneno mawili tu: *Mtazameni, tafadhali.*

Kidawa aliyasoma yote. Angeweza kusamehe mtambo usiofikisha habari. Huu ulikuwa umezifikisha zote, salama, siku ileile, hadi mezani kwa mtu aliyesomea kazi hiyo.

Daktari Shomvi aliandika kwamba dozi ipunguzwe nusu. Dirisha likajibu: Mtoto ameimarika, hakuna sababu ya kubadili. Akaandika tena. Likajibu hivyohivyo. Mara ya tatu akaandika kilo kumi na tisa mahali pa ishirini na nne, na hapo fomu ya Maimuna ikahesabiwa kuwa na kasoro, na taa ya ukumbini ikashuka kutoka mia hadi tisini na tisa. Ikawa ya manjano. Mtumishi mmoja akaanza kulia.

Haikupita robo saa, Mdhibiti wa Asilimia akafika na wajumbe wake wanne, wote wakisukumwa kwenye viti vya magurudumu ingawa miguu yao ilikuwa mizima. Baraza likafanyika palepale ukumbini. Mwandishi wa baraza alilisoma shauri: kuna mtoto ambaye kwenye Dirisha ana kilo ishirini na nne na kwenye mzani ana kumi na tisa, je, ipi ni kweli?

Mjumbe wa kwanza alisema mzani ni chuma tu, haujasoma, ilhali ile ishirini na nne iliingizwa na mtaalamu mwenye nenosiri. Wa pili alipendekeza njia ya kati, kwamba mtoto ahesabiwe kuwa na kilo ishirini na moja na nusu. Wa tatu alitaka liongezwe swali la ishirini na saba, Je, mtoto anakula, na lije likiwa limeshajazwa ndiyo ili lisiwachoshe wazazi. Wa nne alisinzia. Wote walizungumza kwa adabu, wakipeana nafasi, na muda wote huo mtoto alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwao, ameshika kidole cha mama yake, na hakuna aliyegeuza shingo.

Kidawa aliomba kusema, akaruhusiwa kwa dakika moja. Aliwaambia kwamba wamechukua kitu kizuri, kilichobuniwa ili mtoto aonekane vizuri zaidi, wakakitumia kumfunika. Akasema anajua kazi ya kompyuta na haichukii, anajua dawa na haichukii, anaowachukia ni wao. Mwandishi aliandika kwamba mgeni ametoa maoni, na kwamba yamepokelewa.

Kisha Mdhibiti, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza, akatoa uamuzi. Mtoto ameimarika na dozi inabaki ileile. Daktari Shomvi, kwa kuinuka kazini bila kibali, atapelekwa chumba kingine ambako kiti kinaelekea ukuta. Na huyu mgeni, kwa kuwa amekuwa amesimama tangu alipofika, aondoke nchini kesho kabla ya adhuhuri. Akamgeukia Mwanaidi, akamwambia kwamba kama hakuridhika, kisanduku cha maoni kiko wazi saa zote.

Mwanaidi, aliyekuwa kimya tangu walipoingia, alimtazama Mdhibiti usoni.

"Niliwaandikia mara kumi na moja," alisema. "Ya kumi na mbili nitaiandika kwa miguu."

Walirudi nyumbani, wakafungasha mabegi mawili na sufuria moja, na kesho yake, wakati watoto wenzake Maimuna wakifunua midomo getini, wao walikuwa mpakani. Hofu yao ilikuwa hii: sheria inakataza mtoto mwenye fomu kutoka nchini bila kibali cha Mamlaka. Mwanaidi alimfunika binti yake kwa kanga, ingawa hakuna kanga inayoficha mtoto wa miaka tisa aliyesimama mbele ya meza ya askari. Askari aliuliza majina. Mwanaidi hakuwa na uwezo wa kudanganya, akayataja yote matatu.

Askari aliandika, akasubiri, akasoma kwenye skrini. Kidawa. Mwanaidi. Maimuna binti Hemedi. Kwa hilo la mwisho akakunja uso, akaliandika tena.

"Huyu yuko shuleni," alisema. "Ameketi. Hajainuka tangu asubuhi."

Mwanaidi alifungua kinywa, na Kidawa akamkanyaga mguu. Maimuna alikuwa amesimama pale, kidevu chake kikikaribia meza ile, akimtazama askari moja kwa moja. Askari aligonga mihuri miwili kwa watu wazima wawili, akasema safari njema, akawahimiza wasizuie foleni. Wakapita watatu. Kidawa, ambaye tangu afike alikuwa akiomba mtu mmoja tu wa nchi ile amtazame mtoto huyu, alijikuta akishukuru kwamba huyu mmoja hakumtazama, na shukrani hiyo ilimuuma kuliko matusi.

Maimuna sasa anaishi kwa mama yake mkubwa. Daktari wa huko alimpima, akapunguza dozi, akampima tena wiki iliyofuata, na bado anaendelea kumpima. Dawa anatumia, kidogo. Ana kilo ishirini na sita na amevunja vioo viwili. Mwalimu wake hutuma majibu kwa simu kila Alhamisi, maswali tisa, la kwanza likiuliza mtoto anakula nini na la mwisho likiuliza anapenda nini, na Kidawa huyasoma mwenyewe yote kabla hajavua sare ya kazi.

Simu ya Mwanaidi nayo hulia kila Ijumaa, kwani Dirisha halijamsahau. Hongera mzazi mwema, linamwandikia, Maimuna ameketi wiki nzima, asilimia mia. Mwanaidi alitaka kulizuia lisimwandikie tena, Kidawa akamkataza, wasije wakawasahau waliobaki. Darasa lile la Ketini lina watoto arobaini na mmoja, na Dirisha linasema wote wameketi. Maimuna ni mmoja tu. Wale arobaini wengine wameketi kweli, na mama zao bado wanaandika.